RUZUKU SI ZAWADI
Jinsi vyama vya askari wa zamani huko Marekani vinavyotengeneza nyumba zao kwa fedha za serikali

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Dar es Salaam, huenda umeiona Sanamu ya Askari. Iko katikati ya mji. Ni askari wa shaba, ameshika bunduki yenye singe. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927. Iliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Sanamu ni jambo jema. Lakini sanamu haili, haiugui, wala haihitaji kitanda. Askari aliye hai anakula, anaugua, na usiku anataka mahali pa kulala. Je, ana nyumba? Kama anayo, paa lake halivuji? Nani atalitengeneza?

Katika nchi nyingi askari wa zamani wamejiunga katika vyama ili wasaidiane. Vyama hivyo vina nyumba. Nyumba huchakaa. Serikali nyingine hutoa fedha ili nyumba hizo zitengenezwe. Fedha hizo huitwa ruzuku.

Leo tutaeleza jinsi jambo hili linavyofanyika huko Marekani. Mtu anaweza kuuliza: mbona mbali hivyo? Tumechagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, sheria ya huko ina hesabu ambazo mtu anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Pili, sisi nasi tuna vikundi na vyama vijijini, na neno ruzuku tunalisikia mara kwa mara. Wengi tunalisikia, lakini tukilielewa vibaya tutagombana sisi kwa sisi. Basi, hebu tulitazame kwa wenzetu.

VITA VILIKWISHA, WATU WAKABAKI

Marekani ilipigana vita katika nchi ya Vietnam. Askari wake wa kwanza wa kupigana nchi kavu walifika huko mwaka 1965. Waliondoka mwaka 1973. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Watu wa Vietnam waliokufa walikuwa wengi zaidi mara nyingi.

Wale waliorudi nyumbani hawakupokelewa kwa ngoma. Vita vile vilikuwa vimechukiwa na watu wengi. Baadhi ya askari walikuwa vijana walioandikishwa kwa lazima. Walirudi wakiwa na majeraha. Wengine walikuwa na majeraha yasiyoonekana. Usiku waliota mabomu. Mlango ukigongwa kwa nguvu, walishtuka kama wako vitani. Wengine waliingia katika ulevi. Ndoa zilivunjika, kazi zikapotea. Mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouandika ugonjwa huu wa mshtuko katika kitabu chao cha magonjwa. Kabla ya hapo, wengi waliambiwa tu kwamba wao ni wavivu au ni waoga.

Mwisho wake ulikuwa nini? Watu walioitumikia nchi yao kwa bunduki walionekana wakilala chini ya madaraja, katika bustani za miji, na ndani ya magari mabovu. Nchi yenyewe ni tajiri. Lakini utajiri wa nchi haumfikii kila mtu kitandani kwake.

WALIANZA WENYEWE

Hapa kuna jambo kubwa la kuzingatia. Kazi hii haikuanzishwa na serikali. Askari wa zamani walianza wenyewe.

Vyama vya askari huko ni vya zamani. Chama cha wapiganaji wa vita vya nchi za nje kilianza mwaka 1899. Chama kiitwacho American Legion kilianza mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vyama hivi vina matawi katika miji mikubwa na midogo. Tawi huweza kuwa na ukumbi wake, jiko lake, na mahali pa wazee kukutana na kuzungumza.

Baada ya vita vya Vietnam vikazaliwa vyama vipya. Katika mji wa San Francisco kilianzishwa chama mwaka 1974. Kinaitwa Swords to Plowshares, maana yake mapanga yawe majembe. Jina hilo limetoka katika maneno ya Biblia. Katika mji wa San Diego, askari waliotoka Vietnam walianzisha chama chao mwaka 1981. Mwaka 1988 chama hicho kilipiga mahema uwanjani kwa siku tatu. Askari wasio na makazi waliitwa waje. Walipewa chakula, nguo, matibabu na ushauri wa sheria. Huko Boston, mwaka 1989, askari wa Vietnam walifungua nyumba ya kuwapokea wenzao waliokuwa wakilala nje.

Hema la siku tatu ni msaada. Lakini siku ya nne mtu huyu ataenda wapi? Ndipo vyama vilipoona kwamba vinahitaji nyumba za kudumu. Vilitafuta shule zilizofungwa, hoteli kuukuu na majengo ya kambi zilizoachwa na jeshi. Majengo ya namna hii hupatikana kwa bei nafuu, lakini mara nyingi ni mabovu. Nyaya za umeme ni za zamani, mabomba yana kutu, na paa linapitisha maji. Kuyatengeneza kunagharimu fedha nyingi kuliko michango ya wanachama.

SERIKALI INAINGIA

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia askari wa zamani wasio na makazi. Rais George Bush, yule wa kwanza, aliitia sahihi mwezi Novemba mwaka huo. Kuanzia mwaka 1994 wizara inayoshughulikia mambo ya askari wa zamani ilianza kutoa ruzuku kwa mpango huo.

Ruzuku hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya majengo. Chama hupewa fedha za kununua nyumba, kujenga nyumba, au kutengeneza nyumba iliyochakaa. Ya pili ni ya uendeshaji. Chama hulipwa kiasi fulani kwa kila askari wa zamani, kwa kila siku anayokaa katika nyumba hiyo. Kwa kawaida mtu hukaa kwa muda, usiozidi miezi 24. Katika muda huo husaidiwa kupata matibabu, kazi, na mahali pake mwenyewe pa kuishi.

Nani anaweza kuomba? Si mtu binafsi. Si kampuni ya biashara. Wanaoweza kuomba ni vyama na mashirika yasiyogawana faida, serikali za majimbo na za miji, na serikali za makabila ya wenyeji wa asili.

Maneno haya "yasiyogawana faida" yana maana gani? Hayana maana kwamba chama hakina fedha. Chama kinaweza kuwa na fedha benki. Kinaweza kulipa mishahara ya wafanyakazi. Lakini mwisho wa mwaka, fedha zikibaki, viongozi hawagawani. Zinarudi katika kazi ya chama. Na chama kikifa, mali yake haiendi mfukoni mwa mtu.

ZAWADI, MKOPO NA RUZUKU

Watu huchanganya maneno haya matatu. Tuyatenganishe.

Zawadi ni kitu unachopewa bila sharti. Ukipewa kuku na mgeni, ni kuku wako. Utamchinja, utamfuga, au utampa jirani. Mgeni hatarudi kukuuliza.

Mkopo ni fedha unazopewa ili uzirudishe. Mikopo ambayo halmashauri zetu hutoa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mikopo. Si zawadi. Ni lazima irudishwe ili wengine nao wapate.

Ruzuku iko katikati. Fedha za ruzuku huzirudishi, mradi uzitumie kwa kazi ile uliyokubaliana na mtoaji. Ukizitumia kwa kazi nyingine, umevunja mapatano, nawe utadaiwa. Kwa hiyo ruzuku ni mapatano yenye sahihi mbili. Serikali inaahidi fedha, chama kinaahidi kazi.

HESABU YA 65 NA 35

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa kawaida, sheria ya Marekani inasema hivi: serikali haitalipa zaidi ya asilimia 65 ya gharama ya jengo. Asilimia 35 zinazobaki, chama kitazitafuta chenyewe.

Asilimia 65 ni kitu gani? Chukua shilingi 100. Zigawe mafungu mawili. Fungu moja lina shilingi 65, la pili lina shilingi 35. Fungu la kwanza ni la serikali. Fungu la pili ni la chama.

Tufanye mfano wa kufikiri tu. Chama kina nyumba kuukuu yenye vyumba 20. Mafundi wamepiga hesabu. Wamesema kutengeneza paa, mabomba, vyoo na umeme kutagharimu dola 200,000.

Gharama yote: dola 200,000.
Serikali, asilimia 65: dola 130,000.
Chama, asilimia 35: dola 70,000.

Jumlisha 130,000 na 70,000. Utapata 200,000. Hesabu imekaa sawa.

Chama kitapata wapi hizo dola 70,000? Wanachama hutoa ada. Chama huandaa karamu na minada. Makanisa hutoa. Matajiri hutoa. Mji au jimbo linaweza kusaidia. Ni kazi ya miaka, siyo ya wiki moja.

Mtu atasema: serikali tajiri kama ile, kwa nini isilipe zote? Sababu tunaiona hata kijijini. Mtu aliyetoa chake hulinda. Kama kila mwanakijiji alibeba mawe ya zahanati, mtoto akivunja kioo cha dirisha watu wote watauliza. Kama hakuna aliyetoa kitu, watu watasema, "Mali ya serikali hiyo," nao watapita. Sababu ya pili ni kwamba fungu la chama ni kipimo. Chama kinachoweza kukusanya fungu lake kinaonyesha kuwa kiko hai, kina wanachama, na watu wanakiamini.

Lakini tuseme ukweli, sharti hili lina ubaya wake pia. Chama cha mji tajiri hupata asilimia 35 upesi. Chama cha eneo maskini huhangaika, na huenda ndiko askari wengi wanakolala nje. Sheria nzuri pia inaweza kumwacha mtu nyuma.

NYUMBA INATENGENEZWA NINI?

Baadhi yetu tunaposikia "kuboresha jengo" tunafikiri ni kupaka rangi. Siyo hivyo. Kwanza hutazamwa mambo yanayoua au yanayomzuia mtu kuitumia nyumba.

Jambo la kwanza ni moto. Nyumba inayolaza watu wengi lazima iwe na njia za kutokea wakati wa hatari, vifaa vya kutoa kengele moshi ukitokea, na nyaya za umeme zilizo salama. Nyumba ya ruzuku lazima ifuate kanuni za usalama wa moto. Haya si mapambo. Watu 60 wakilala katika ghorofa yenye mlango mmoja, moto ukiwaka ni msiba.

Jambo la pili ni watu wenye ulemavu. Askari aliyepoteza miguu vitani anatembea kwa kiti cha magurudumu. Ngazi tano mlangoni kwake ni kama mlima. Kwa hiyo hujengwa mteremko pembeni mwa ngazi. Milango hupanuliwa. Chooni huwekwa vyuma vya kushikilia. Ni jambo la ajabu kumwita mtu shujaa, halafu ashindwe kuingia chooni.

Jambo la tatu ni faragha. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na bweni moja kubwa, vitanda vimepangwa kama kambini. Lakini siku hizi askari wa zamani wako wanawake pia. Tena mtu mwenye ugonjwa wa mshtuko hawezi kulala vizuri kati ya watu 30. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, watu waliona hatari nyingine. Katika bweni, mmoja akikohoa wote huambukizwa. Mwaka 2021 wizara ilitoa ruzuku za majengo ili mabweni yageuzwe kuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja, vyenye choo na bafu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bati moja linalovuja leo litaozesha dari mwakani, na mwaka wa tatu boriti litaanguka. Chama kinachotengeneza mapema kinahitaji fedha kidogo.

JINSI YA KUOMBA

Kwanza, wizara hutoa tangazo. Si kila mwaka ruzuku za majengo hutangazwa. Tangazo linaeleza fedha ziko kiasi gani, ni kwa kazi gani, na siku ya mwisho ya kuomba ni lini. Barua iliyochelewa haisomwi. Huko hakuna cha "Ndugu, niliuguliwa na mtoto."

Pili, chama huandika maombi. Ni lazima kijibu maswali kama haya:

1. Shida iko wapi, na askari wangapi wanahitaji nyumba?
2. Nyumba ni ya nani? Iko wapi hati yake, au mkataba wa kuipanga?
3. Mafundi watafanya nini hasa, na kila kazi itagharimu kiasi gani?
4. Fungu la chama litatoka wapi?
5. Baada ya ujenzi, nani ataendesha nyumba hiyo, na kwa fedha gani?
6. Chama kimewahi kufanya kazi kama hii? Kiliifanyaje?

Tatu, maombi yote hupewa alama, kama mtihani wa shule. Wenye alama nyingi ndio wanaopewa, mpaka fedha ziishe. Chama kilichokosa huweza kujaribu tena tangazo lingine likitoka.

Tazama swali la pili. Hati ya nyumba! Ugomvi mwingi duniani hutoka hapo. Kama nyumba imeandikwa kwa jina la mwenyekiti, siyo la chama, nani atatia fedha za umma ndani yake? Mwenyekiti akifa, watoto wake watasema ni urithi wao. Nao watakuwa na karatasi mkononi.

MALI BILA DAFTARI

Chama kikipewa ruzuku, kazi ya kalamu ndiyo inaanza. Fedha za serikali haziletwi zote siku moja katika gunia. Hutolewa kwa kadiri kazi inavyokwenda, na kila matumizi lazima yawe na karatasi yake. Fundi amelipwa? Iko wapi ankara yake? Mabati yamenunuliwa? Iko wapi stakabadhi? Kabla ya kununua vitu vya bei kubwa, lazima bei za wauzaji kadhaa zilinganishwe. Kiongozi hawezi kumpa kazi shemeji yake kwa sababu tu ni shemeji yake.

Wakaguzi wa wizara huja kuitazama nyumba kila mwaka. Hutazama vitanda, jiko, dawa na njia za moto. Hesabu nazo hukaguliwa. Shirika likitumia fedha nyingi za serikali kuu katika mwaka mmoja, lazima lilete mkaguzi wa hesabu kutoka nje. Kiwango kilikuwa dola 750,000. Kwa miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 2024 na baadaye, kiwango ni dola 1,000,000.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya Kiswahili, lakini hata mkaguzi wa huko angeikubali.

MIAKA SABA MPAKA ISHIRINI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Nyumba iliyotengenezwa kwa ruzuku hiyo imefungwa na ahadi kwa miaka mingi. Sheria inataka iendelee kuwahudumia askari wa zamani wasio na makazi. Kwa ruzuku isiyozidi dola 250,000, muda ni miaka 7. Ruzuku ikiwa kubwa zaidi, miaka huongezeka. Kwa ruzuku inayozidi dola 3,000,000, muda ni miaka 20.

Turudi kwenye chama chetu cha mfano. Kilipewa dola 130,000. Kwa hiyo kimefungwa kwa miaka 7. Tuseme kimefanya kazi miaka 4. Halafu anakuja tajiri. Anasema, "Niuzieni nyumba hii, niifanye hoteli. Nitawapa fedha nyingi." Viongozi wanashawishika. Wanafunga milango na kuwatoa askari.

Je, serikali itanyamaza? Haitanyamaza. Ina haki ya kudai fedha zake kwa kadiri ya miaka iliyobaki. Miaka iliyobaki ni 3 kati ya 7. Gawanya 130,000 kwa 7, halafu zidisha kwa 3. Utapata karibu dola 55,700. Hilo ni deni. Na kama chama kilichukua fedha na hakikufungua nyumba kabisa, kitadaiwa ruzuku yote.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Kwa sababu fedha zile ni kodi ya wananchi. Mwalimu amekatwa, dereva amekatwa, mkulima amekatwa. Walikatwa ili askari asilale nje, si ili kiongozi wa chama apate hoteli.

JENGO LINATAKA KULISHWA

Kuna kosa jingine ambalo mpango huu umejaribu kulizuia. Ni kosa la kujenga bila kufikiri nani atalilisha jengo.

Jengo hula kila siku. Linakula umeme, maji, sabuni, mshahara wa mlinzi na mshahara wa muuguzi. Ndiyo maana iko ile ruzuku ya pili, ya kila mtu kwa kila siku. Ndiyo maana pia swali la tano katika maombi linauliza habari za uendeshaji. Sisi wenyewe tunajua majengo yaliyofunguliwa kwa shangwe, utepe ukakatwa, na baada ya miaka miwili popo wakahamia. Jengo halikuwa bovu. Lilikosa mtu wa kulihudumia.

JE, MPANGO HUU UMESAIDIA?

Huko Marekani watu wasio na makazi huhesabiwa usiku mmoja mwezi Januari. Mwaka 2010 walihesabiwa askari wa zamani wapatao 74,000 wasio na makazi. Mwaka 2024 walihesabiwa 32,882. Idadi imepungua kwa zaidi ya nusu.

Tusiseme kwamba majengo peke yake ndiyo yaliyofanya hivyo. Serikali ilitoa pia hati za kuwasaidia askari kulipa kodi ya nyumba za kupanga, na wizara iliongeza watu wa kuwafuata huko mitaani. Lakini nyumba za vyama zina sehemu yake. Mtu aliyetoka chini ya daraja leo usiku hawezi kusubiri karatasi za miezi mitatu. Anahitaji kitanda leo.

Tena tusisahau kwamba 32,882 si sifuri. Kila mmoja wa hao alikula kiapo mbele ya bendera.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako hakuna chama cha askari wa zamani. Lakini huenda kuna kikundi cha akina mama chenye banda la kusaga, chama cha wakulima chenye ghala, au kamati ya zahanati. Siku moja tangazo la ruzuku litakuja. Siku hiyo ikifika, mambo haya yawe tayari:

Kwanza, hati ya kiwanja iwe kwa jina la kikundi, isiwe kwa jina la mtu.

Pili, kikundi kiwe kimeandikishwa, kina katiba, na kila mwanachama ameisoma au amesomewa.

Tatu, fungu lenu lianze kukusanywa sasa. Shilingi kidogo kila mwezi, mawe, mchanga, tofali. Mwenye kusubiri tangazo ndipo aanze, amekwisha kuchelewa.

Nne, daftari liwekwe wazi. Mweka hazina asiwe peke yake anayejua yaliyomo.

Tano, kabla ya kuomba fedha za kujenga, ulizaneni: nani atalipa mlinzi, na nani atanunua sabuni?

Tumesema sana habari za kusoma na kuandika. Watu wengine hufikiri kusoma ni kwa ajili ya barua za watoto walioko mjini tu. Siyo hivyo. Anayejua kusoma huomba aonyeshwe mkataba, tena huusoma kabla ya kutia sahihi. Zamani tulitia dole gumba, na mwingine akatuambia maana yake. Leo tunasoma wenyewe. Basi siku ya mkutano wa ruzuku, usikae nyuma. Kaa mbele, omba karatasi, soma mstari kwa mstari, na uliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Zawadi, mkopo na ruzuku vinatofautianaje? Toeni mfano mmoja mmoja kutoka kijijini kwenu.
2. Kazi ya kutengeneza ghala inagharimu shilingi 2,000,000. Serikali inalipa asilimia 65. Kikundi kitatafuta shilingi ngapi?
3. Je, ni haki kwamba chama maskini kitoe asilimia 35 sawa na chama tajiri? Kwa nini?
4. Nyumba ya kikundi chenu imeandikwa kwa jina la nani? Nani ameiona hati kwa macho yake?
5. Kijijini kwenu yuko mzee aliyewahi kuwa askari? Paa la nyumba yake likoje?